Boma la zahanati limeishia kwenye lenta: namna ya kuliingiza kwenye bajeti ya halmashauri

Mwaka wa fedha wa serikali ya Tanzania huanza Julai 1, lakini bajeti ya halmashauri hupikwa miezi mingi kabla, kuanzia Novemba hadi Februari hivi. Kijiji kinachopeleka ombi Machi kimeshachelewa mwaka mzima, hata kama diwani ni mchapakazi. Mkutano mkuu wa kijiji unaohusu boma, yaani jengo lililosimamishwa kuta bila kuezekwa, ufanyike Septemba au Oktoba. Sheria inataka mkutano huo kila miezi mitatu, kwa hiyo hakuna haja ya kuomba kibali cha mtu.

Penye tatizo hasa ni muhtasari wa mkutano. Mihtasari mingi huandikwa hivi: "Wananchi waliiomba serikali iwasaidie kumalizia zahanati." Afisa mipango hana la kufanya na sentensi hiyo. Azimio linalofanya kazi husema hivi: "Mkutano umeazimia kukamilisha boma la zahanati lililopo kitongoji fulani. Wananchi watatoa mchanga tripu 8, kokoto tripu 4, maji na kazi ya kuchimba shimo la choo, kabla ya Desemba 31. Halmashauri inaombwa kugharamia paa, milango, madirisha na umaliziaji." Ambatisha mahudhurio yenye majina, vitongoji na saini, kisha mwenyekiti na mtendaji wa kijiji wasaini na kugonga muhuri.

Nguvu za wananchi ziwekwe kwa shilingi, kwa bei ya hapo hapo kijijini. Tripu 8 za mchanga kwa 80,000, kwa mfano, ni 640,000. Mawe yaliyokwisha kusombwa na tofali zilizokwisha kujengwa zihesabiwe pia, kwa sababu zisipoandikwa zinahesabika kama hazipo.

Kabla ombi halijatoka kijijini, mwandikie mkurugenzi barua kupitia mtendaji wa kata, umwombe mhandisi aje kukagua. Ataangalia msingi, nyufa, lenta (ukanda wa zege juu ya milango na madirisha) na vipimo vya vyumba, halafu aandae makisio ya gharama. Hapa ndipo maboma mengi yanapokwama: yalijengwa kwa macho ya fundi, bila ramani ya zahanati inayotumiwa na halmashauri, chumba cha kujifungulia kikatoka kidogo kama stoo. Afadhali kubomoa ukuta mmoja sasa kuliko kuezeka jengo ambalo mganga mkuu wa wilaya atakataa kulipokea. Kiwanja nacho kiwe na maandishi. Kama kilitolewa na familia, wanafamilia wote wakubwa wasaini, maana mzee akifariki watoto hurudi kudai.

Ombi likifika kata, linaingia Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni mtendaji wa kata. Sera inataka zahanati kila kijiji, kwa hiyo kila kijiji kitakuja na boma lake. Vijiji vikivutana, kata hupeleka orodha ndefu isiyo na kipaumbele, na halmashauri huchagua inavyopenda. Kaeni na majirani mapema mkubaliane nani atangulie mwaka huu na nani mwakani, na makubaliano hayo yaandikwe.

Nakala moja iende kwa afisa mipango, nyingine kwa mganga mkuu. Kisha diwani afuatilie kwenye Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, kwa sababu Baraza la Madiwani mara nyingi hupitisha kilichokwisha kupangwa huko. Swali la kumtuma aulize ni moja: mradi umetengewa shilingi ngapi na kutoka chanzo gani? Kuwemo kwenye mpango si kutengewa fedha. Ruzuku ya serikali kuu kwa umaliziaji wa boma la zahanati imezoeleka kuwa milioni 50. Ikiwa chanzo ni mapato ya ndani, fedha hutoka kadiri ushuru unavyokusanywa, na mazao yakiharibika mradi huahirishwa. Mfuko wa jimbo husaidia mabati au saruji, ila kamati yake huongozwa na mbunge na ombi lake huandikwa kivyake.

Fedha zikiingia, kwa fosi akaunti, yaani ujenzi unaosimamiwa na halmashauri na jamii kwa kutumia mafundi badala ya mkandarasi, huundwa kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi. Anayenunua saruji asiwe ndiye anayeipokea. Mpokeaji ahesabu mifuko kabla ya kusaini, na hesabu zibandikwe ubaoni na kusomwa mkutano mkuu unaofuata.

Jambo linalosahaulika ni watumishi. Ikama, yaani idadi ya watumishi inayoidhinishwa, hupangwa mbali na ujenzi, hivyo barua ya kuomba mganga na muuguzi iende kwa mganga mkuu mwaka ule ule mnaoomba fedha za paa, pamoja na maelezo ya nyumba ya mtumishi, choo, maji na kichomea taka. Jengo lililokwisha kupakwa rangi bila hivyo hufungwa kufuli.