Kuongeza RAM kwenye ThinkPad T480, na kujua kama imesaidia kweli

Laptopu za ofisini zilizotumika, hizi zinazopangwa kwa makumi madukani Kariakoo na Luthuli Avenue, mara nyingi huuzwa na RAM (kumbukumbu ya muda ambamo programu zilizofunguliwa hufanya kazi) ya GB 8. Ukiweka Windows 11, ukafungua kivinjari chenye tabo kumi na tano, Excel mbili tatu na kikao cha Zoom, GB 8 zinaishiwa pumzi. Hapa tunaishika ThinkPad T480 ya mwaka 2018. Inafunguka bila vita, ina sloti 2 za RAM, na prosesa yake ya kizazi cha 8 bado inakubaliwa na Windows 11. HP EliteBook 840 G3, ambayo kwa kawaida ni rahisi zaidi, nayo ina sloti 2, ila prosesa yake ya kizazi cha 6 haimo kwenye orodha ya Windows 11, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake tarehe 14 Oktoba 2025. Lifikirie hilo kabla ya kuiongezea chochote.

Pima kabla ya kununua

Fungua vyote unavyovifungua siku yenye kazi nyingi, fanya kazi nusu saa, kisha bonyeza Ctrl+Shift+Esc ili kufungua Task Manager, uende "Performance", halafu "Memory". Usishtushwe na asilimia kubwa ya "In use". Namba za kutazama ni nyingine mbili. "Available" ikikaa chini ya GB 1 wakati unafanya kazi, RAM imebana. "Committed" huonyesha namba mbili zilizotenganishwa na mkwaju (/). Ya kwanza ni kumbukumbu zote ambazo programu zimeahidiwa. Ikisoma 11.4 na RAM yako ni 8, basi huenda Windows inabana baadhi ya data na nyingine inazisukuma kwenye diski, na ndiyo maana ukihama kutoka Excel kwenda kwenye kivinjari dirisha linabaki jeupe sekunde kadhaa. Ukitaka uthibitisho, andika resmon kwenye kisanduku cha kutafutia, fungua ukurasa wa "Memory" na utazame "Hard Faults/sec" wakati unahama madirisha. Ikiruka hadi mamia kila unapohama, RAM haitoshi.

Hapo hapo kwenye Task Manager tazama "Disk". Kama mashine bado ina diski ya kuzunguka nayo imeganda kwenye 100%, nunua SSD (diski ya chipu isiyozunguka) kwanza. RAM ya GB 32 haiponyi diski hiyo. T480 inapokea SSD ya SATA ya inchi 2.5, au ya NVMe (aina ya kasi zaidi) ikiwa ina kishikizo chake maalumu, japo hiyo ya NVMe itapewa njia 2 za PCIe, yaani njia za data, badala ya 4. Kwa kazi za ofisi hutauona upungufu huo.

Chini ya ukurasa wa "Memory" kuna mstari unaosema "Slots used". Ukisoma "1 of 2", umebahatika: ongeza RAM moja tu. Ukisoma "2 of 2", una GB 4 mbili na zote lazima zitoke. Hakikisha pia kwamba mashine ni T480 na siyo T480s. Herufi hiyo moja ina gharama: T480s ina RAM iliyochomelewa kwenye mazabodi na sloti 1 tu. X280 na X1 Carbon hazina sloti kabisa, ulichonunua ndicho utakachozeeka nacho. Usitegemee maneno ya muuzaji kwamba "hii inaongezeka". Soma jina la modeli kwenye stika iliyo chini ya mashine.

RAM ya kununua

T480 inatumia DDR4 (kizazi cha nne cha RAM hizi) ya umbo la SO-DIMM, yaani fupi ya laptopu, yenye meno 260, umeme wa volti 1.2, kasi ya 2400. Stika ya RAM inayofaa husomeka hivi: 8GB 1Rx8 PC4-2400T-SA1-11. PC4 maana yake DDR4. 2400 ni kasi. Wengine huandika PC4-19200, na ni kitu kile kile, kwa kuwa safari milioni 2,400 za data kwa sekunde, mara baiti 8, ni MB 19,200 kwa sekunde. Herufi S kwenye SA1 inaonyesha ni ya laptopu. Ukiona U mahali hapo, hiyo ni ya kompyuta ya mezani, ndefu mno, haiingii. PC3L ni DDR3L: pengo la katikati ya meno yake liko mahali pengine, na mtu anayeilazimisha huvunja sloti.

RAM ya 2666 au 3200 inafanya kazi vizuri, ila itashuka hadi 2400 kwa sababu prosesa haiendi zaidi ya hapo. Usilipie kasi usiyoweza kuitumia. Ile 1Rx8 ina chipu 8. Kuna nyingine ya 1Rx16 yenye chipu 4 tu, ambayo huwa nyuma kidogo kwa kasi. Ukipewa kuchagua kwa bei moja, chukua 1Rx8 au 2Rx8.

Kubwa kuliko yote ni hili: RAM mbili za GB 8 ni bora kuliko moja ya GB 16. Zikiwa mbili, prosesa inasoma njia mbili kwa pamoja, na kikomo cha nadharia kinapanda kutoka MB 19,200 hadi 38,400 kwa sekunde. T480 nyingi hazina kadi ya picha ya pekee. Chipu ya picha ya UHD Graphics 620 iliyo ndani ya prosesa inakopa RAM hiyo hiyo, kwa hiyo njia ya pili inaonekana hasa kwenye video, kikao cha Zoom na kioo cha pili cha nje. Zikiwa za ukubwa tofauti, tuseme 8 na 16, bado zitaelewana: GB 8 za kila moja zitakwenda njia mbili, na GB 8 zinazobaki zitakwenda njia moja. Si vibaya hata kidogo, na ni ushauri mzuri kwa mwenye GB 8 tayari anayehitaji 24.

Bei ya RAM mpya imepanda sana tangu mwishoni mwa 2025, kwa hiyo iliyong'olewa kwenye laptopu mbovu ni chaguo la busara. RAM haichakai kama betri. Sharti lako kwa muuzaji liwe moja: ijaribiwe mbele yako na irudishike ndani ya siku chache.

Kufungua na kufunga

T480 ina betri mbili, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Wanatoa ya nje, wanadhani umeme umekwisha, kumbe ya ndani bado inalisha mazabodi. Chomoa chaja. Washa mashine, bonyeza F1 nembo ya Lenovo inapotokea ili kufungua BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), ingia "Config", kisha "Power", chagua "Disable Built-in Battery" na ukubali. Mashine itajizima yenyewe. Iache dakika chache ipoe.

Igeuze juu chini, toa betri ya nje kwa lachi zake mbili. Legeza skrubu 6 za kifuniko kwa bisibisi ndogo ya nyota. Hazitoki kabisa, zinabaki zimening'inia kwenye kifuniko, kwa hiyo usizivute. Anza kubanua upande wa bawaba kwa kadi ya plastiki, kama kadi ya benki iliyokwisha muda. Vibanio vitalia tak, tak. Hiyo ni kawaida. Bisibisi ya chuma hapa huacha majeraha kwenye ukingo na inaweza kugusa kitu ndani.

Gusa chuma kisichopakwa rangi ili umeme tuli ukutoke. Kutoa RAM iliyopo, tanua vishikizo viwili vya pembeni kwa kucha. RAM itainuka yenyewe kwa mshazari, uivute taratibu. Kuweka, linganisha pengo na jino la sloti, ingiza kwa mshazari huo huo mpaka meno ya dhahabu yazame karibu yote, ndipo uibonyeze chini hadi vishikizo vyote viwili vibane kwa mlio. Ukiona mstari mpana wa dhahabu, au upande mmoja uko juu kuliko mwingine, haijaingia. Hili ni kosa la kawaida.

Rudisha kifuniko, skrubu na betri ya nje, kisha chomeka chaja kabla ya kubonyeza kitufe. Betri ya ndani uliyoizima haiamki mpaka ihisi chaja. Mara ya kwanza kioo kinaweza kukaa cheusi hata dakika nzima wakati mashine inazipima RAM mpya. Subiri.

Ikikataa kuwaka

Zima, ondoa RAM zote, weka moja tu kwenye sloti ya kwanza, jaribu. Kisha hiyo hiyo kwenye sloti ya pili. Kisha rudia na ile nyingine. Majaribio manne yatakuambia kama mbovu ni RAM au sloti. Kila mara chomoa chaja na betri ya nje, na uikate tena betri ya ndani: kwa njia ile ya BIOS mashine ikiwaka, au kwa kuchomoa kiunganishi chake kwenye mazabodi ikiwa haiwaki. Inachosha, lakini kuchomoa RAM yenye umeme ndiko kunakoua mazabodi. Meno machafu yafute kwa kitambaa kisicho na nyuzi na spiriti ya isopropili ya 90% au zaidi. Kifutio cha penseli wanachokitumia mafundi kinasafisha, ila makombo yake huangukia kwenye sloti.

Ikiwaka lakini Windows inaonyesha GB 4 tu, tazama kama Windows yenyewe ni ya biti 32. Ikiwaka kisha inatoa kioo cha bluu chenye MEMORY_MANAGEMENT, weka Memtest86+ (programu ya kupima RAM) kwenye flashi na uiache izunguke raundi nzima, ikiwezekana usiku kucha. Kosa moja tu linatosha kuirudisha RAM dukani. Wala usiamini stika: pakua CPU-Z (programu inayosoma vipuri vya mashine), fungua "SPD", usome ukubwa na mtengenezaji wa kila sloti. Kwenye "Memory" inatakiwa kusoma "Dual" au "2 x 64-bit". Itaonyesha pia 1200 MHz na wengi hudhani wamepunjwa. DDR husafirisha data mara mbili kwa kila pigo, kwa hiyo 1200 hiyo ndiyo 2400.

Je, imesaidia?

Kabla na baada ya kubadilisha, chaja ikiwa imechomekwa, fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike winsat mem. Irudie mara tatu, uandike namba ya kati. Ukihama kutoka RAM moja kwenda mbili namba inapaswa kuruka, ingawa haitafika mara mbili kamili. Kisha rudia kile kipimo cha nusu saa: "Available" sasa inapaswa kubaki GB kadhaa na "Hard Faults/sec" kulala karibu na sifuri. "In use" itakuwa imepanda kuliko zamani. Si tatizo, Windows ikiona nafasi huitumia.

Kama kipimo cha kwanza kilionyesha "Available" ya GB 3 muda wote, usitarajie mabadiliko makubwa zaidi ya kwenye picha. Excel yenye hesabu nzito itachukua muda ule ule, kwa sababu hiyo ni kazi ya prosesa. Pima prosesa kwa 7-Zip (programu ya kubana mafaili): "Tools", "Benchmark", dakika 10, huku ukitazama kasi kwenye ukurasa wa "CPU" wa Task Manager. i5-8250U huanza kwa kishindo kisha hutulia. Ikishuka chini ya 1.6 GHz, ambayo ni kasi yake ya msingi, na feni inavuma, fungua tena usafishe vumbi na ubadilishe grisi ya joto. Ikiganda kwenye 0.4 GHz wakati mashine ni baridi, jaribu chaja nyingine ya wati 65 kabla ya kumlaumu yeyote aliyekuuzia RAM.