Kupunguza nitrati katika tangi la samaki wa baharini ukiwa Kampala

Anayefuga samaki wa baharini Kampala, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Mombasa, hana bahari ya kuchotea maji. Kila lita iliyomo katika tangi lake ameitengeneza mwenyewe kwa maji ya bomba, ya mvua au ya kisima, pamoja na chumvi maalumu iliyoagizwa kutoka nje. Kwa sababu hiyo, nitrati, kemikali inayotokana na uchafu unaooza, inapopanda, mahali pa kwanza pa kuchunguza ni kwenye jerikeni, kabla hata ya kuwalaumu samaki.

Chakula kilichobaki na kinyesi cha samaki huoza na kutoa amonia, ambayo bakteria wanaoishi juu ya mawe na mchangani huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati. Amonia huua upesi, lakini nitrati hujilimbikiza polepole hadi mwani unapotanda kwenye vioo na matumbawe yanapoanza kujikunja. Kwa tangi lenye samaki peke yake, wafugaji wengi hulenga kiwango kisichozidi miligramu 40 kwa lita; penye matumbawe, kati ya 2 na 10. Sifuri si shabaha nzuri, kwa kuwa matumbawe hupauka kwa njaa.

Unapopima, tikisa kwa nguvu chupa za dawa za kipimo, hasa ile yenye unga unaotuama chini, kwa muda ulioandikwa katika maelezo, la sivyo utapata jibu dogo la uongo. Linganisha rangi ya maji unayopima na ile ya kadi ya kipimo mlangoni kwenye mwanga wa mchana, kwa sababu taa ya buluu ya tangi hudanganya macho. Angalia pia kama kipimo chako kinahesabu nitrati yote au nitrojeni iliyomo ndani yake tu. Kama ni nitrojeni, zidisha jibu kwa 4.4.

Tangi langu la lita 200 liliwahi kunisumbua miezi kadhaa. Kila Jumamosi nilibadilisha lita 40, na kila Ijumaa kipimo kilikuwa chekundu vilevile, yaani nitrati ilikuwa bado juu. Siku moja nikapima maji ya kisima cha mtaani kabla ya kuyatia chumvi, nikakuta 20. Kwa maji ya namna hiyo tangi lisingeshuka chini ya 20 hata ningebadilisha maji mwaka mzima, na kila nilipojazia yaliyopotea kwa mvuke nilikuwa naongeza nitrati nyingine. Visima vifupi na chemchemi zilizo karibu na vyoo vya shimo ni vya kutiliwa shaka daima. Maji ya bomba nayo yana klorini, ambayo sharti iondolewe kwa dawa yake. Chujio la osmosi, linalosukuma maji kupitia utando mwembamba sana, huondoa sehemu kubwa ya nitrati, na kwa maoni yangu linunuliwe kabla ya samaki wa pili.

Maji mapya yakiwa hayana nitrati, hesabu huwa nyepesi. Ukibadilisha asilimia 20 kila wiki, 80 itashuka hadi 64, kisha 51, kisha 41. Hata hivyo, samaki wanaendelea kula: kama tangi linazalisha 5 kwa wiki, kiwango kitaishia kwenye 25 kabla ya kila badiliko na 20 baada yake, wala hakitashuka zaidi mpaka uongeze kiasi cha maji unayobadilisha au upunguze uzalishaji wenyewe.

Kwa lita 40 utahitaji takriban kilo 1.4 za chumvi ya akwaria. Ichanganye kwenye pipa kwa pampu usiku kucha, kisha hakikisha uzito wa maji, ukilinganishwa na wa maji yasiyo na chumvi, umefika 1.025 na joto linalingana na la tangi. Chumvi ya Katwe, ingawa ni yetu na ni rahisi kupatikana, haifai, kwa kuwa imejaa kabonati na salfeti na uwiano wake si wa bahari. Unapotoa maji ya zamani, nyonya uchafu ulioko mchangani kwa mpira.

Ili kupunguza uzalishaji, yeyusha chakula cha barafu kwenye kichujio kidogo na kumwaga maji yake. Suuza sponji za chujio kila wiki kwa maji ya tangi yaliyotolewa, kwani uchafu ulionaswa humo unaendelea kuoza. Skima, chombo kinachonasa uchafu kwa povu, huondoa uchafu kabla haujaoza, na mwani wa keto ukikuzwa kwenye chumba cha pembeni chenye taa hula nitrati. Ukiuvuna, nitrati inatoka nao.

Wengine hutia siki nyeupe ili kulisha bakteria wanaomeza nitrati. Njia hii inafanya kazi, ila anza na mililita 1 au 2 kwa siku kwa lita 200, ongeza kidogo kidogo kila wiki, na uwe na skima nzuri. Waragi, pombe kali yetu, usiutie badala ya siki: ule wa dukani una viungo vya ladha, na ule wa mtaani haujulikani nguvu yake. Bakteria wanaolishwa siki hutumia oksijeni nyingi, kwa hiyo umeme ukikatika usitie siki siku hiyo, na uwe na pampu ya hewa ya betri iliyochajiwa kando ya tangi.