Namna ya Kuupima Uchezaji wa Okestra ya Simfoni kwa Sikio Lako

Wengi wetu hapa Mwanza tunaisikia okestra ya simfoni, yaani kundi kubwa la wapigaji wa vyombo vya nyuzi, vya kupuliza na ngoma, kupitia simu au redio, kwa hiyo jambo la kwanza ni kutafuta hedifoni zinazofaa, kwa sababu spika ndogo ya simu humeza sauti za chini, na okestra isiyosikika besi zake haiwezi kuhukumiwa kwa haki. Chagua saa iliyotulia. Mimi hupenda alfajiri, kabla makondakta wa daladala pale Kirumba hawajaanza kuita abiria.

Anza na Simfoni ya Tano ya mtunzi Beethoven (simfoni ni utungo mrefu wa okestra wenye sehemu kadhaa), iliyopigwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Vienna mwezi Desemba 1808. Hufunguliwa na kimya kifupi sana, kisha noti tatu fupi na moja ndefu, zinazopigwa na vyombo vya nyuzi pamoja na klarineti, chombo cha kupuliza cha mbao. Kimya hicho ndicho mtihani, kwa maana hakuna pigo la kutangulia linalosikika; wachezaji wana mkono wa mwongozaji tu, na makumi ya pinde hayana budi kugusa nyuzi kwa pamoja. Okestra nzuri huitoa noti ya kwanza ikiwa moja, ilhali kwa okestra dhaifu utaisikia imechanika ukingoni, kwa kuwa wapo waliowahi na wapo waliochelewa. Aliyeimba kwaya anaujua ugonjwa huu. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa akitusimamisha kwenye neno “mtakatifu” mara tano, mara sita, mpaka silabi ya mwisho itoke kwa pamoja, nasi tukinung’unika. Leo namshukuru sana, kwani sikio ninalosikilizia fidla nililipata katika mazoezi yale.

Usiupime ubora kwenye kishindo, kwa sababu kishindo huficha makosa mengi. Nenda mwisho wa sehemu ya tatu ya simfoni hiyohiyo, pale nyuzi zinaposhikilia sauti nyembamba huku timpani, yaani ngoma kubwa za okestra, ikigonga polepole chini yake. Wachezaji wanajua kwamba mbele yao kuna mlipuko wa sehemu ya nne, ambako tromboni, tarumbeta kubwa za kuvuta, huingia baada ya kukaa kimya tangu mwanzo wa simfoni, na hamu ya kuukimbilia ni kubwa. Okestra bora hujizuia: sauti hubaki ndogo lakini hai, bila kukwaruza wala kupotea, kisha hufunguka karibu kabisa na mlango wa sehemu ya nne. Kwangu mimi, hapa ndipo okestra hutofautiana kuliko mahali pengine popote.

Kuhusu mwendo, sikiliza Boléro ya Ravel, ya mwaka 1928, ambamo ngoma ndogo hurudia mdundo uleule kwa takriban robo saa, huku wimbo ukipokezanwa kutoka filimbi kwenda klarineti, kisha basuni, na kuendelea. Sauti ikue, mwendo usikimbie. Aliyewahi kusimama kati ya Wagika na Wagalu, vyama vya ngoma vya Wasukuma, wakishindana kuvuta watu amewaona wapigaji wanaopandwa na joto la umati wakaanza kukimbia, na amewaona pia mafundi wanaoongeza nguvu bila kuongeza kasi.

Kabla ya onyesho, obo, chombo kingine cha kupuliza cha mbao, hutoa noti ya A, ambayo kwa kawaida ni mitetemo 440 kwa sekunde au zaidi kidogo, na wengine wote huifuata. Chombo kimoja kikiwa kwenye 440 na kingine kwenye 443, utasikia sauti ikipwita mara tatu kila sekunde. Utafute mpwito huo katika akodi ndefu, yaani noti kadhaa zinazotolewa kwa pamoja, za vyombo vya kupuliza.

Kisha chukua rekodi mbili za kipande kilekile, umwombe mtu akuchezee dakika moja ya kila moja bila kukutajia majina ya okestra, na uandike ulichosikia. Rudia ya kwanza baada ya kusikia ya pili. Besi zilizochelewa, ambazo mwanzoni hukuziona kuwa na kasoro, sasa utazisikia waziwazi.