Ng'ombe kafa usiku: cha kuangalia kabla hujashika kisu

Nianze na jibu la je, nyama yake inaliwa, maana najua ndo mnalolitafuta: mnyama uliyemkuta kafa mwenyewe haliwi. Hata kama jana jioni alikuwa anacheua vizuri, hata kama kanona, hata kama jirani anakwambia babu zake walikula nyamafu na wakazeeka. Kujua kafa na nini ni muhimu sana, ila ni kwa ajili ya waliobaki zizini na watu wa nyumbani kwako, siyo kwa ajili ya sufuria. Wengi wanaligeuza hili swali, wanatafuta sababu ya kifo ili wapate ruhusa ya kula, ndo maana msimu wa mvua kila ng'ombe anayekufa utasikia "kapigwa na radi".

Sasa umemkuta kalala. Usimsogelee kwanza. Funga mbwa, ondoa watoto na kuku, simama mbali kidogo umwangalie kichwa mpaka mkia, na unachotafuta ni damu: puani, mdomoni, njia ya haja kubwa, na kwa jike ukeni pia. Ukiona damu nyeusi nyeusi isiyoganda, mzoga umefura haraka kuliko kawaida na miguu haijakakamaa vizuri (mzoga wa kawaida baada ya saa chache miguu inakuwa migumu haikunjiki), basi hicho ni kimeta (anthrax, ugonjwa wa bakteria unaoua mifugo na watu) mpaka mtaalamu aseme siyo. Na usipoona damu usijipe moyo sana, kuna mizoga ya kimeta haitoi hata tone, dalili pekee inakuwa ni kwamba mnyama alikuwa mzima asubuhi na mchana hayupo.

Kwa hiyo kifo chochote cha ghafla usichokielewa, usipasue. Hili ndo kosa kubwa, mtu anasema ngoja nimpasue nione bandama, kumbe hapo ndo anafungulia balaa lenyewe. Bakteria wa kimeta wakiwa ndani ya mzoga uliofungika wengi wanakufa wenyewe nyama ikianza kuoza, ila wakipata hewa wanajifungia kwenye ganda gumu na kuwa spora, na hizo spora zinakaa kwenye udongo miaka na miaka, makumi ya miaka, zinasubiri tu ng'ombe aje kula majani hapo. Kuchemsha kwa kawaida jikoni hakuaminiki kuziua, kuchoma mshikaki ndo kabisa, na kuanika nyama juani ni kujidanganya. Ngozi nayo usichune, maana hata anayeinunua unamuuzia ugonjwa.

Na siyo hadithi za darasani. Mwishoni mwa 2016 kata ya Selela kule Monduli, Tanzania, kimeta kilipiga wanyamapori na mifugo na watu wakaugua, na mwaka mmoja kabla yake Kenya walipoteza nyati wengi hifadhi ya Ziwa Nakuru kwa ugonjwa huohuo. Ukiwa unafugia maeneo ambayo ng'ombe na nyumbu wanakula uwanda mmoja, hii kitu iweke akilini kila kiangazi na kila mvua za kwanza.

Tukirudi kwenye radi, ipo kweli na inaua. Mara nyingi unakuta wamekufa kadhaa kwa pamoja chini ya mti au kando ya seng'enge, mwingine bado ana majani mdomoni maana kafa anatafuna, mti umechanika ganda, manyoya yameungua mistari mistari. Na usiku huo lazima kulikuwa na radi kweli siyo mawingu tu! Shida ni kwamba aliyekufa kwa radi naye anaweza kufura haraka na damu isigande vizuri, kwa hiyo kwa macho tu unaweza kuchanganya, na ndo maana hata huyo simuweki kwenye orodha ya kuliwa.

Sumu ya majani inajulikana kwa historia zaidi kuliko kwa mzoga. Uliza walilishwa nini jana. Mbuzi waliovamia maganda ya mihogo michungu, au ng'ombe walioingia shamba la mtama mchanga ulionyauka kwa jua, wanaweza kufa muda mfupi tu baada ya kula, wanahema kwa shida, wanatetemeka, ufizi unakuwa mwekundu sana. Angalia pia kama kuna madebe ya dawa ya kuogeshea, dawa ya pamba au ya panya karibu na walipokuwa wananywa maji. Hapo nyama ina sumu ndani na moto hausaidii.

Gesi tumboni, hii inawachanganya wengi kwa sababu kila mzoga ukikaa juani unafura. Kufura baada ya kufa siyo ushahidi wa chochote. Swali ni je, kuna mtu alimuona amefura upande wa kushoto akiwa hai, anapiga teke tumbo, anatoa mate? Kama ndiyo na walikuwa wameingia kwenye majani mabichi yenye umande au kwenye kunde, hapo inaingia akilini.

Ndama mkubwa, tuseme miezi sita mpaka miaka miwili, tena yule aliyenona kuliko wenzake, akachechemea leo kesho kafa, shuku chambavu (blackquarter, ugonjwa wa bakteria wa misuli). Paja au bega limevimba na ukiminya kwa mti (siyo kwa mkono) unasikia kama hewa inachakarika chini ya ngozi. Ndigana kali (East Coast fever, inaletwa na kupe) yenyewe inachukua siku kadhaa, utakuwa umeshaona homa, tezi zimevimba chini ya sikio na mbele ya bega, na mwisho mapovu yanatoka puani, na masikio yamejaa kupe. Hiyo haiambukizi binadamu, lakini mzoga ni mzoga, damu imebaki yote mwilini, vijidudu vya utumbo vimeshahamia kwenye nyama.

Mimba zikitoka nyingi kwa mpigo baada ya mvua kubwa, na wana-kondoo wanakufa, hiyo fikiria homa ya Bonde la Ufa, ile iliyotusumbua Kenya na Tanzania 2006 na 2007. Watu wengi waliipata kwenye kuchinja, kuchuna na kushika damu, siyo mbu peke yake. Na ng'ombe anayetoa mate, analia sauti ya ajabu, anashindwa kumeza, usimtie mkono kooni ukidhani kakwamwa na kitu, inaweza kuwa kichaa cha mbwa.

Kuku nao mjue. Wakianza kufa wawili watatu kwa siku, kinyesi cha kijani, shingo zinapinda, huo ni mdondo (kideri, Newcastle) au kitu kibaya zaidi, na ile tabia ya kuwachinja harakaharaka wale wanaosinzia na kuwapeleka sokoni ndo inasambaza ugonjwa kijiji kizima.

Sasa kuna yule ambaye HAJAFA, na hapa ndo penye mjadala halali. Kavunjika mguu, kaanguka korongoni, kapigwa pembe, kashindwa kuzaa. Waislamu wanalijua hili vizuri, aliyeanguka au kupigwa pembe akafa ni nyamafu, ila ukimuwahi akiwa hai ukamchinja, halali. Kiafya inakaribiana: alikuwa mzima kabla ya ajali, ajali mmeiona wenyewe, kachinjwa damu imetoka yote, matumbo yametolewa mapema, na mkaguzi wa nyama kaja kaangalia kabla haijagawanywa. Vyote hivyo, siyo kimoja. Lakini kumuwahi kwa kisu mnyama anayekata roho kwa ugonjwa hakumfanyi awe salama. Ng'ombe mwenye kimeta ukimchinja dakika za mwisho umejimwagia damu yenye bakteria wengi kupita kiasi, halafu unagawa mtaa mzima.

Halafu dawa. Kama juzi ulimchoma sindano ya oksitetrasaiklini (antibayotiki) ya muda mrefu, lebo nyingi zinasema subiri wiki nne hivi kabla ya kula nyama, dawa za ndigana zinaenda mpaka wiki sita. Soma chupa. Mguu ukivunjika siku ya tatu baada ya sindano, pole, hakuna nyama hapo.

Mpigie bwana mifugo wa kata (Kenya, daktari wa mifugo wa wadi). Akijua kazi yake hatapasua, atachukua damu kidogo sikioni aisome kwenye hadubini, au sampuli iende maabara, kwa Tanzania TVLA (wakala wa maabara za mifugo), kwa Kenya maabara ya mifugo ya Kabete. Akichelewa, funika mzoga kwa miiba na turubai. Usiuburute njiani, damu itadondoka njia nzima. Chimba hapohapo shimo la mita mbili kwenda chini, mbali na kisima na mto, au uchome mpaka ubaki majivu, pamoja na udongo uliolowa damu na majani aliyolalia.

Kama tayari watu wameshachuna au wameshakula, waambie, aibu mtaimaliza baadaye. Kipele kinachowasha, kinakuwa lengelenge halafu kidonda cheusi katikati ambacho hakiumi, au homa na kutapika na kuharisha damu baada ya kula, nendeni hospitali na mkifika sema wazi "tulishika mzoga", kwa sababu daktari asipoambiwa anaweza kutibu malaria, wakati antibayotiki zikianza mapema kimeta kinatibika.

Waliobaki zizini waondolewe kwenye malisho hayo na wachanjwe. Ipo chanjo moja inayokinga kimeta na chambavu kwa pamoja, inarudiwa kila mwaka, ila upande wake wa kimeta ni wa vijidudu hai, kwa hiyo usimchome mnyama antibayotiki siku hizohizo, utaiua chanjo na hela yako imeenda.