Mwalimu Mkuu Hana Muda wa Kusoma Tafiti? Mwandalie Ukurasa Mmoja

Mimi ni msimamizi wa masomo katika shule ya msingi hapa Busia, upande wa Uganda. Mwalimu mkuu wetu hufika shuleni kabla jua halijachomoza, na kengele ya chai ikilia ameshaonana na mzazi wa karo, fundi wa choo na mkaguzi kutoka wilayani. Kumrushia ripoti ya kurasa sitini kwenye WhatsApp ni kumtwisha mzigo mwingine. Nami naamini watoto wetu hupoteza mengi pale maarifa yaliyopatikana humu humu nchini yasipofika mezani kwake. Hivi ndivyo ninavyoyafikisha.

Hatua ya 1: Chukua swali lake

Muulize: "Mwalimu mkuu, muhula huu ni jambo gani linalokunyima usingizi?" Liandike kwa maneno yake mwenyewe. Swali moja kwa muhula linatosha. La kwetu lilikuwa: "Darasa la kwanza mbona wanachelewa kusoma?"

Hatua ya 2: Tafuta kwa nusu saa, kisha acha

Fungua Google Scholar, tovuti ya Google ya kutafutia tafiti za kitaaluma, andika maneno matatu au manne ya Kiingereza na uongeze Uganda. Anza na tafiti zenye alama ya PDF pembeni, maana hizo hufunguka bila malipo. Pitia pia ripoti za Uwezo Uganda, shirika linalopima watoto kusoma na kuhesabu, na zile za NAPE, upimaji wa kitaifa wa maendeleo ya elimu, zinazotolewa na UNEB, baraza la mitihani la Uganda. Shusha mbili tu.

Hatua ya 3: Usiishie kwenye ikisiri

Soma ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzo, ruka hadi hitimisho, halafu rudi katikati kutafuta majibu ya haya: utafiti ulifanyika wapi? Kulikuwa na shule za kulinganisha? Nani aliwafundisha walimu, na kwa vifaa gani?

Swali hilo la mwisho ndilo lililotuokoa. Watafiti Kerwin na Thornton walichapisha mwaka 2021 utafiti wa eneo la Lango, kaskazini mwa Uganda, kuhusu programu ya shirika la Mango Tree ya kufundisha darasa la kwanza kusoma kwa lugha ya mama. Shule zilizopata programu kamili, watoto walipiga hatua kubwa katika kusoma. Shule nyingine zilipewa toleo la bei nafuu: vifaa vilipunguzwa, na mafunzo yakapitishwa kwa wakufunzi wa serikali, ambao nao wakawafundisha walimu. Huko kusoma hakukupanda kwa kiasi cha kutegemewa, na katika baadhi ya vipengele vya kuandika watoto walikuwa nyuma ya wenzao ambao shule zao hazikupewa chochote. Ukisoma juu juu utasema tu "programu inafaa."

Hatua ya 4: Andika ukurasa mmoja, upande mmoja

Kurasa tatu nilizoandika mara ya kwanza nilizikuta mwezi uliofuata chini ya daftari la wageni, hazijafunuliwa. Sasa naandika hivi:

*Swali lako:* Darasa la kwanza mbona wanachelewa kusoma?
*Walichokuta Lango:* Mafunzo kamili yalisaidia sana. Yaliyopunguzwa hayakusaidia, na mahali pengine yaliumiza.
*Tofauti na sisi:* Wao walifundisha kwa lugha moja; darasa letu lina watoto wa Kisamia na wa Kiteso.
*Uamuzi ninaouomba:* Tusimtume mwalimu mmoja semina ili aje awafundishe wenzake. Tumlete mkufunzi hapa kwa siku mbili.

Mstari wa uamuzi usiuache kamwe. Kiongozi mwenye shughuli nyingi anahitaji kitu cha kukubali au kukataa.

Hatua ya 5: Mpe mkononi

Chapisha, nenda mwenyewe, mpe dakika tano asome ukiwa umekaa. Simu ina kelele nyingi.

Hatua ya 6: Panga tarehe ya kupima

Mwalimu mkuu alikubali. Ijumaa ya wiki ya nane niliketi chini ya mwembe na watoto kumi wa darasa la kwanza, kila mmoja akanisomea mistari mitano ileile. Waliomaliza niliwahesabu, nikaandika idadi yao nyuma ya karatasi ile ile, nikairudisha ofisini kwake.