Karatasi ya labo: angalia unite mbele ya kuogopa

Batu mingi huku Goma bakipata karatasi ya labo banakimbilia namba tu, ikiwa kubwa roho inaruka. Mbele ya namba soma ile maandishi kidogo pembeni, njo unite, kipimo cha ile namba: mg/dl, g/l ao mmol/l. Glisemi (sukari ya damu) ya 95 mg/dl, ya 0,95 g/l na ya 5,3 mmol/l ni sukari ileile moja, ila labo hii inaandika ivi na ingine vile, sasa ukilinganisha karatasi ya mwaka jana na ya leo bila kuangalia hapo utasema sukari imeanguka kumbe haijatembea hata. Kwa glisemi unazidisha mmol/l na 18 njo unapata mg/dl. Hiyo 18 ni ya sukari peke yake!! Kreatinini (takataka ya misuli yenye figo zinatosha ku damu) iko na hesabu yake, 1 mg/dl ni 10 mg/l, njo maana mutu anaona "kreatinini 9" analia figo zimekufa, kumbe ni mg/l, ni 0,9 mg/dl tu, iko muzuri.

Kisha soma valeri za kawaida zenye labo yako imeandika kwenye hiyo karatasi, usichukue za intaneti juu mashini na reaktifu (dawa za kupimia) hazifanani. Ile nyota pembeni ya namba inasema umetoka inje ya mipaka, haisemi ugonjwa. Mipaka inapangwa ili batu 95 kwa 100 benye afya baingie ndani, kwa hiyo batano banabakia inje na hawana kitu.

Tena mipaka haikujui wewe. Kreatinini inatoka ku misuli: kijana wa chukudu (kinga ya mbao ya kubeba mizigo) anasukuma mifuko ya makala tangu asubui anaweza kuwa na 1,3 mg/dl na figo ziko sawa, lakini koko mwembamba wa kilo 40 mwenye 1,1, bila nyota yoyote, figo zake zinaweza kuwa zimechoka kabisa. Kwangu mimi hapa njo panadanganya batu kuliko pote.

Uliza pia damu ilichukuliwa namna gani. Glisemi ya njaa ni masaa 8 bila kula, maji sawa, chai ya sukari hapana. Ikifika 126 mg/dl na siku ingine ikarudia vile njo dokta anaanza kusema diabete (ugonjwa wa sukari). Tubu ikikaa bila kupita ku santrifije, mashini ya kuzungusha damu (umeme umekatika, tunajuana), chembe za damu zinaendelea kula sukari, karibu asilimia 5 mpaka 7 kila saa, glisemi inashuka bure. Bakiandika "serumu emolize" maana yake chembe nyekundu zilipasuka, potasiamu (chumvi moja ya damu) na ASAT (anzime ya maini na misuli) zinapanda za uongo, omba bachukue damu ingine. Na ASAT ikipanda peke yake, ALAT (anzime ingine ya maini) iko muzuri, usikimbilie maini, ASAT inatoka pia ku misuli, sema kama jana ulicheza mpira.

Kwa dokta beba karatasi zote za zamani na umwambie dawa zote, hata za majani. Lakini potasiamu 6,5 mmol/l ku damu yenye haikupasuka, ao glisemi 400 mg/dl na mutu anatapika anapumua mbiombio, hiyo usiipige foto kutuma ku WhatsApp, panda moto (pikipiki) uende hospitali saa hiyohiyo.