Kabla ya kununua skuta kuukuu, shika injini kwanza

Mwambie muuzaji asiiwashe skuta kabla hujafika, na ukifika, kabla ya salamu kuwa ndefu, gusa injini kwa nyuma ya mkono. Ikiwa ya moto, kaa usubiri ipoe kabisa, au rudi kesho asubuhi. Mimi niliona aibu kuuliza, nikauziwa iliyowaka kwa kiki moja kwa muuzaji. Kesho yake nyumbani nilipiga kiki mpaka mguu ukauma.

Injini yenye moto huficha maradhi. Kabureta iliyoziba, choki (ya kuongeza petroli injini ikiwa baridi) mbovu, mgandamizo hafifu wa hewa na petroli ndani ya silinda: vyote hujitokeza injini ikiwa baridi, kwa sababu petroli haigeuki mvuke kwa urahisi. Angalia na moshi. Wa bluu unaotoka mwanzoni kisha ukapotea, mara nyingi ni sili za vali, zile za kuzuia oili isipenye ikaungua. Usiokoma ni ringi za pistoni, na hapo injini itafunguliwa, kwa hiyo bei ishuke au uondoke. Mvuke mweupe wa dakika chache usikutie hofu.

Kipimo hiki hakisemi kitu kuhusu mkanda wa ndani unaozungusha gurudumu la nyuma, breki wala fremu iliyopinda. Hayo utayajua kwa kuiendesha. Skuta iliyoanikwa juani nayo itakudanganya mkono. Na kwa zile zilizoundwa zichome oili pamoja na petroli, moshi wa bluu kidogo ndiyo kawaida yake, basi zingatia zaidi inavyowaka.